Wazazi Wanapoalikwa Ulaya: Pasi ya Treni au Tiketi Moja Moja?



Kila ifikapo mwezi wa tano, mahindi yanapoanza kukauka mashambani, barua za utambulisho huongezeka juu ya meza ya kamati yetu hapa Songea. Wanaoziomba ni wazazi walioalikwa na watoto wao walioko ughaibuni: huyu anasoma Ujerumani, yule ameolewa Uholanzi, mwingine ni muuguzi Denmark. Zamani maswali yao yalikuwa ya ndege na viza tu. Miaka hii limezuka swali jipya, nalo limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba tumeona ni haki lijibiwe hadharani. Mtoto amepiga simu kusema kuna pasi ya treni inayozunguka Ulaya nzima. Je, inunuliwe hiyo, au zikatwe tiketi moja moja kwa kila safari?

Yawezekana msomaji akashangaa kwamba kamati ya msikiti, tena ya mji usio na reli, inajitia katika habari za treni za Ulaya. Sababu ni kwamba fedha inayotumika ni fedha ya ukoo. Ni gunia za mahindi zilizouzwa, ni mchango wa mjomba wa Mbinga na shangazi wa Tunduru, na mambo yakienda mrama ugomvi wake hauamuliwi Ulaya, huletwa hapa. Tumewahi kukaa na familia moja ambayo kijana wao, kwa mapenzi mema kabisa, aliwanunulia wazazi wake tiketi za treni za bei ya chini kwa nchi tatu, na nyingine za mchango wa dada zake, kabla viza haijatoka. Viza haikutoka. Tiketi zilikuwa za aina isiyorudishiwa fedha, na wale dada walitaka kujua mchango wao umekwenda wapi. Ilichukua vikao viwili kuwapatanisha, na hadi leo neno "treni" halitajwi nyumbani kwao bila mtu kukohoa.

Tuanze na jambo linalotuchanganya sisi watu wa huku kuliko yote. Kwetu nauli ni nauli. Ukienda stendi kuu ya Shule ya Tanga kukata tiketi ya basi la Dar es Salaam, uikate leo au wiki moja kabla, kiwango ni kile kilichopangwa na LATRA. Ndivyo ilivyo hata katika treni yetu ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 14, 2024: nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Aliyekata mapema na aliyekata asubuhi ya safari wanalipa sawasawa. Faida ya kuwahi ni kupata kiti tu.

Katika sehemu kubwa ya Ulaya mambo si hivyo. Treni ile ile, kiti kile kile, bei hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia na viti vya bei ya chini vinavyokwisha. Aliyenunua miezi miwili kabla anaweza kukaa kando ya aliyenunua jana yake huku amelipa theluthi ya fedha ya mwenzake. Lakini unafuu huo una sharti: tiketi ya bei ya chini imefungwa kwa treni moja ya saa moja maalumu. Ukiikosa kwa uzembe wako, tiketi imekufa. Ukitaka uhuru wa kupanda treni yoyote ya siku hiyo, unalipa bei kamili, nayo ni kubwa.

Hapo ndipo pasi ilipopata soko lake. Pasi ni kulipia siku za kusafiri badala ya kulipia safari. Wazo hili si geni kwetu moja kwa moja: mwaka 2022 serikali ilipopunguza tozo za Daraja la Nyerere kule Kigamboni, wenye vyombo vya moto waliruhusiwa pia kulipia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na kila mwenye bajaji alipiga hesabu yake: navuka mara ngapi? Swali la pasi ya Ulaya ni hilo hilo, ila limevaa suti.

Pasi zenyewe zina majina mawili, na majina haya yameshawapotosha watu. Kuna Eurail, iliyoanza mwaka 1959 kwa ajili ya wageni watokao nje ya Ulaya, na kuna Interrail, iliyoanza mwaka 1972 kwa ajili ya vijana wakaazi wa Ulaya na baadaye ikafunguliwa kwa watu wa rika zote. Leo zote mbili zinafika katika nchi 33. Kinachoamua ununue ipi ni mahali unapoishi kwa kudumu, wala si rangi ya pasipoti yako. Mama anayeishi Songea atanunua Eurail. Mwanawe mwenye pasipoti ya Tanzania lakini mwenye kibali cha kuishi Dortmund atanunua Interrail. Tena Interrail ina mpaka wake: ndani ya nchi unayoishi inakupa safari mbili tu, moja ya kutoka na moja ya kurudi. Kwa hiyo kijana wa Dortmund anayedhani atawazungusha wazazi wake Ujerumani nzima, wote watatu kwa pasi, atakuta wazazi wanaruhusiwa na yeye haruhusiwi.

Ziko pasi za mfululizo, ambazo kila siku ndani ya muda wake ni siku ya safari, na ziko za siku za kuchagua, kwa mfano siku nne ndani ya mwezi mmoja. Siku ya safari huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unaweza kupanda treni nyingi utakavyo. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi hupunguziwa asilimia 10, na kijana wa hadi miaka 27 hupunguziwa asilimia 25. Watoto wa miaka 4 hadi 11 hupata pasi ya bure wakiwa na mtu mzima, wawili kwa kila mtu mzima, na walio chini ya miaka 4 hawahitaji pasi kabisa. Wenye watoto waishike hiyo ya mwisho, tutairudia.

Sasa tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano tu, kwa sababu bei hubadilika na kila mtu ataangalia za siku yake. Tuwachukue baba na mama, wote wamevuka miaka 60. Wanashuka uwanja wa ndege wa Frankfurt, wanakwenda kwa kijana wao Dortmund. Baada ya wiki mbili wanakwenda kwa binti yao Utrecht, Uholanzi. Wiki mbili nyingine, wanakwenda kwa mpwa wao Copenhagen, na mwishoni mwa wiki ya sita wanarudi Frankfurt kupanda ndege. Ni safari nne. Mtoto anasema, "Baba, pasi ya siku nne inatosha!"

Tuseme pasi hiyo ni yuro 280 kwa mtu mmoja. Ukitoa asilimia 10 ya uzee inabaki 252, kwa wawili ni 504. Gawanya kwa siku nne: kila mzee analipa yuro 63 kwa kila siku ya safari. Sasa ziangalie safari zenyewe. Frankfurt hadi Dortmund ni mwendo wa saa chache, na Dortmund hadi Utrecht vivyo hivyo. Tiketi za safari fupi kama hizo zikikatwa mapema huwa chini kabisa ya yuro 63. Zile mbili za Copenhagen ni za kutwa nzima, na huenda zikakaribia kiwango hicho au kukipita. Tukikadiria wastani wa yuro 40 kwa kila tiketi, wazee wawili watatumia 320 badala ya 504. Tofauti ni yuro 184. Ibadilishe kwa shilingi za siku hiyo, kisha igawe kwa bei ya gunia la mahindi, ndipo utakapoiona vizuri.

Na kuna kasoro kubwa kuliko bei. Pasi ile ni siku nne ndani ya mwezi mmoja, ilhali ziara ni ya wiki sita. Safari ya kwanza ni siku ya kufika, ya nne ni wiki sita baadaye. Pasi itakuwa imekufa kabla wazee hawajarudi Frankfurt. Mtoto aliyeko kule, kwa wingi wa shughuli, husoma "siku nne" akaruka "mwezi mmoja".

Kisha liko jambo ambalo watangazaji wa pasi huliandika kwa herufi ndogo: gharama ya kiti. Katika treni nyingi za mwendokasi za Ufaransa, Italia na Uhispania, na katika Eurostar iendayo London, pasi peke yake haikupandishi. Sharti uweke nafasi ya kiti na kuilipia, na viti vinavyotengwa kwa wenye pasi vina idadi. Vikiisha, pasi yako inabaki pambo. Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Austria na Uswisi ni wepesi zaidi, treni zao nyingi za ndani hazilazimishi kuweka nafasi. Kwa hiyo anayeuliza "pasi ina nafuu?" kwanza aulizwe, "unakwenda nchi gani?" Pasi ya kuzunguka Ujerumani na Uswisi na pasi ya kuzunguka Ufaransa na Uhispania ni karatasi moja, lakini thamani zake ni mbili.

Je, hakuna anayefaa kununua pasi? Yupo. Ni kijana aliyemaliza chuo anayetaka kuona miji kumi ndani ya wiki tatu, leo yuko Vienna, kesho Prague, kesho kutwa hajui. Kila siku anasafiri mbali, hapangi mapema, na ana punguzo la asilimia 25. Huyo hesabu inamkubali. Mwingine ni familia ya mume, mke na watoto wanne wenye umri wa kati ya miaka 4 na 11. Wazazi wawili wanalipa, watoto wanne wanapanda bure, na hapo pasi inaweza kushinda tiketi kwa mbali, ingawa katika treni za kuweka kiti kila mtoto naye atalipiwa kiti chake. Hata hivyo wasidharau utaratibu wa Ujerumani, ambako mtoto hadi miaka 14 husafiri bure katika treni za masafa marefu akiwa na mtu mzima, mradi aliyefikisha miaka 6 aandikwe katika tiketi ya mkubwa wake. Na hata mwenye pasi asiichome siku yake kwa safari ya nusu saa. Hiyo alipe taslimu, siku ya pasi aitunzie safari ndefu.

Kwa wazee wanaokwenda kukaa na wajukuu, maoni yetu ni tiketi moja moja, zikatwe mapema baada ya viza, na si vinginevyo. Tena kwa wale wanaokaa mwezi mzima Ujerumani, kuna kitu kingine kinachoitwa Deutschlandticket. Kilianzishwa Mei 1, 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, kikapanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Kwa fedha hiyo mtu hupanda treni za mikoani na mabasi na treni za mijini nchi nzima, bila kuhesabu siku. Treni za mwendokasi na za masafa marefu hazimo. Kwa mama anayetaka kwenda sokoni, hospitali, msikitini siku ya Ijumaa na kwa rafiki wa binti yake mji wa jirani, hiki ndicho cha kununua. Kwa safari ndefu, tusiwadanganye wazee: kuvuka Ujerumani kwa treni za mikoani ni kubadilisha treni mara tatu, mara nne, ngazi za kupanda na kushuka, na mzigo ni wako mwenyewe, hakuna kijana wa stendi wa kukubebea. Magoti ya mtu wa miaka 65 nayo yaingizwe katika hesabu.

Deutschlandticket hununuliwa kwa mkataba unaojirudia kila mwezi. Usipousitisha kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Mzee amesharudi Songea, anavuna, na kule akaunti ya mwanawe inaendelea kukatwa. Anayeandikisha aweke alama katika simu yake siku ile ile ya kuandikisha.

Tuje kwenye viza, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pasi ya treni haiwi viza. Eurail inafika Uingereza na Ireland, lakini viza ya Schengen haifiki huko. Kila moja ya nchi hizo ina viza yake. Mzazi mwenye viza ya Schengen pekee anayeonyesha pasi yake London ataonyesha kitu sahihi mahali asiporuhusiwa kuwapo. Ombi la viza ya Schengen hupelekwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Huwasilishwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari, na ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, irudi viza au isirudi. Kwa hiyo panga ratiba, iandike vizuri, iambatishe, lakini usilipe tiketi za bei ya chini kabla ya majibu. Iwapo ni lazima kitu kinunuliwe mapema, basi hapo pasi ina ubora wake, kwa kuwa pasi ambayo haijaanzishwa matumizi kwa kawaida hurudishiwa fedha kwa makato. Ila ile iliyouzwa kwa punguzo la msimu, soma masharti kwanza, kwani mara nyingi hairudishwi.

Tumeulizwa pia kuhusu watu wanaojitokeza mjini wakisema wanauza pasi hizi kwa fedha taslimu. Pasi ya siku hizi hukaa ndani ya simu, imeandikwa jina la msafiri, na mkaguzi huitazama pamoja na pasipoti. Pasi haiazimwi wala hairithiwi. Anayekuuzia iliyobakishwa siku mbili na mtu mwingine anakuuzia faini.

La sala lisisahaulike wakati wa kuchagua saa za treni, na hapa mwenye tiketi ya treni moja maalumu ana la kupanga kuliko mwenye pasi. Majira ya kiangazi jua la kule huchelewa mno: Hamburg mwezi wa sita hutua karibu saa nne usiku kwa saa zao, na adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, nayo masheikh wetu wameifafanua mara nyingi katika gazeti hili, hivyo hatuingii katika hukumu zake. Tunachosema ni cha kiutendaji: unapobadilisha treni, usikubali nafasi ya dakika nane kati ya treni na treni eti kwa sababu tiketi hiyo ina nafuu ya yuro tano. Chagua yenye saa nzima. Utapata udhu, utapata mahali pa kusimama, na treni ya kwanza ikichelewa, jambo la kawaida Ujerumani siku hizi kuliko tunavyofikiria huku, hutaikosa ya pili. Chakula beba chako. Behewani hakuna anayekuzuia kufungua kipoo chako, na chapati za binti yako zina uhakika kuliko nyama usiyojua ilichinjwaje.

Nasi wa Ruvuma tunaendelea kuisikia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikitajwa katika mipango ya serikali, na kwa sasa anayetaka kuona treni kutoka hapa huifuata TAZARA Makambako. Wazee watakaopitia huko kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya viza wasiiunganishe na miadi ya ubalozi kwa siku ile ile. Waweke siku mbili katikati.

Wanaohitaji barua za utambulisho kwa ajili ya maombi ya mwaka huu waje ofisi ya kamati baada ya sala ya Ijumaa, wakiwa na nakala ya pasipoti, barua ya mwaliko yenye anwani ya mwenyeji, na ratiba ya safari hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu. Katika ratiba hiyo waandike kila safari ya treni na tarehe yake. Tutakaa nao tuzihesabu pamoja, kwa yuro na kwa gunia.